Paka wangu wamegombana baada ya kutoka kwa daktari

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi niko hapa Bombo, Uganda, nina paka wawili wa kike, mama na bintiye, wamelala pamoja tangu zamani. Juzi nikampeleka binti kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, nikamrudisha na boda ndani ya kikapu, na mama yake kumwona tu akaanza kumfokea na kumrukia kama hamjui! Jirani akasema ni majini, eti nichome ubani.

Majini wapi. Paka anamjua mwenzake kwa harufu, na yule alikuja ananuka dawa na spiriti na mbwa wa watu. Nikamweka chumba chake na maji na sanduku la mchanga, kitambaa alicholalia nikampelekea mama anuse, cha mama nikampa yeye, halafu mukene, yaani dagaa, nikawawekea kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Usiwaogeshe jamani, wala usiwachape. Siku ya nne nikafungua mlango kidogo, mama akafoka mara moja akaenda zake kulala. Leo wanalambana masikio.

Msomaji wenu, Bombo