Barua ya wazi kwa wanangu mnaotumia dawa za kifafa

Wanangu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji,

Nawaandikia mimi mzee wenu, niliyeanza kumeza fenobabitoni nikiwa kijana wa mtumbwi wa dagaa na ambaye sijaiacha mpaka leo. Nimesikia kwamba baadhi yenu mmeacha dawa kimyakimya, na mmoja wenu akaniambia, "Mzee, sianguki tena, lakini naishi kama niliyelala." Sikumkemea, kwa sababu nayajua maisha hayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa zinazofaa. Ni habari njema, ila kutoanguka si afya yote. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu na inazuia kuanguka, lakini pia huleta usingizi na uzito wa akili. Kwa miaka mingi mhudumu mmoja aliniuliza swali moja tu, "Umeanguka mara ngapi?", nami nikijibu "Hata mara moja" anajaza kadi na kuita mwingine. Hakujua kwamba nasinzia juu ya nyavu saa nne asubuhi, wala kwamba nasahau hesabu ya ndoo nilizoziuza mwenyewe.

Msikate dawa ghafla, nawasihi. Ikikatwa hivyo inaweza kuleta mishtuko inayofuatana bila mtu kuzinduka, na hiyo huua. Dozi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa, polepole na kwa mkono wa daktari. Nanyi mabinti, mkitaka kushika mimba, semeni mapema, kwa maana valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mnaomeza kabamazepini, nayo ya kifafa, mjue kwamba hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Wapo wanaosema kifafa hufuata mwezi. Mimi nilianguka zaidi siku za giza, tulipokesha ziwani na taa, na mbalamwezi ilipotupumzisha nikalala usiku, nilitulia. Kumbe ni kukosa usingizi! Nahodha alipojua alinishusha nchi kavu nikaanike dagaa, nikamchukia mwaka mzima, ingawa leo naona kwamba kuanguka majini usiku kungenimaliza.

Kliniki ijayo nendeni na mtu mnayeishi naye. Siku muuguzi mmoja aliponiuliza ninaishije, nilijibu "Salama" kama kawaida. Mke wangu ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi sigombani tena na wachuuzi juu ya bei, bali napokea chochote ninachopewa. Daktari akaitwa, dozi ikapunguzwa kidogo kidogo na kuhamishiwa usiku, na kabla masika hayajaisha wachuuzi walianza kunilalamikia.

Mzee wenu, Ujiji