Hesabu ya kijiko haiishii bandarini

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wako wa biashara uliwapigia vijana na wastaafu hesabu ya kununua kijiko cha kuchimbia. Shilingi 120,000 kwa saa, mara saa 8, mara siku 30: milioni 28 na laki nane kwa mwezi. Mwandishi akamalizia kwamba mtambo wa mtumba wa milioni 150 unajilipa wenyewe ndani ya nusu mwaka. Tangu siku ile simu yangu haijapoa. Aliyenifanya nishike kalamu ni mwalimu mmoja anayestaafu Juni, ambaye tayari ana picha ya mtambo kwenye simu na dalali anayempigia kila asubuhi.

Mimi na mume wangu tuna vijiko viwili hapa Dodoma. Yeye alikuwa opereta wa greda kwenye kampuni za barabara kabla hatujawa na cha kwetu. Mimi ndiye ninayeshika kaunta buku. Mtaani naitwa Mama Kijiko, na jina nimelikubali.

Sina ugomvi na hiyo 120,000. Hata mimi natoza hivyo, mafuta yakiwa juu yangu. Siku 30 ndizo sizijui zilipotoka. Mtambo una mita yake ya saa, na mwezi mzuri, kati ya Julai na Oktoba, mita ya kijiko chetu kikubwa cha tani 20 husogea kama saa 120. Muda mwingine wote kinasubiri: kinasubiri lobedi, yaani trela la kukibebea, kinasubiri mhandisi aje kuonyesha mipaka, kinasubiri mteja amalizane na jirani yake kuhusu kiwanja. Au kimegonga mwamba. Dodoma tunaijua, unachimba msingi udongo ukiwa mlaini kabisa, kufika mita moja na nusu baketi linateleza juu ya jiwe na meno yanakatika. Hapo inatakiwa nyundo ya kuvunjia mawe, na nyundo ni ya mtu mwingine, ina bei yake.

Basi tuchukue hizo saa 120. Zinaingiza milioni 14 na laki nne. Kijiko cha ukubwa huo kinakunywa kama lita 15 kwa saa. Kwa dizeli ya shilingi 2,800 hiyo ni milioni tano na elfu arobaini, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangaza bei mpya nafuta naandika upya. Opereta, msaidizi wake, mlinzi na posho zao wakiwa porini, milioni moja na nusu. Kwa kila saa inayofanya kazi natenga shilingi 20,000 za oili, filta, meno na mafundi, hiyo ni milioni mbili na laki nne. Inabaki milioni tano na laki nne na ushee. Kama ulikopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka mitatu, rejesho ni kama milioni tatu na nusu. Umebakiwa na pungufu kidogo ya milioni mbili, na hujalipa kodi ya mapato wala leseni.

Huo ni mwezi mzuri. Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Februari mita inaweza kusoma saa 40 tu. Zidisha mwenyewe: baada ya mafuta, watu na akiba ya matengenezo, mkononi hata milioni moja haifiki, na benki inataka tatu na nusu yake ileile. Mkulima akikopa, angalau kuna benki zinazokubali alipe baada ya mavuno. Sisi tunaochimba malambo na mitaro ya maji kwa msimu uleule wa mkulima tunapangiwa marejesho ya mtu mwenye mshahara.

Makala haikutaja lobedi hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwandishi hajawahi kuhamisha mtambo. Kijiko cha cheni hakitembei kwenye lami. Kutoka hapa mjini kwenda Kongwa lazima kibebwe, na kwa upana wake kinahitaji kibali cha TANROADS, wakala wa barabara, tena safari ni ya mchana. Kwenda na kurudi nalipa milioni moja na nusu. Mteja mwenye kazi ya siku mbili anakuambia, "Mama, hiyo ya usafiri si ipo humohumo?" Haimo. Kazi nyingi ndogo nimezikataa kwa sababu hiyo, na ndiyo sababu namwambia mwalimu kwamba kama ni lazima aanze, aanze na kijiko cha matairi. Kinachimba kidogo, lakini kinajiendesha chenyewe mpaka Chamwino.

Kuhusu ununuzi wenyewe nitasema machache. Ushuru wa forodha kwa mitambo hii si tatizo, lakini VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, tozo za bandari na za reli zinakusubiri Dar es Salaam, na bei ya dalali huwa haina hata kimoja. Usitazame rangi. Inama utazame chini: cheni, rola zinazoibeba, sproketi inayoizungusha. Karibu nusu ya fedha utakazotumia kutengeneza kijiko katika maisha yake zitaishia huko. Pampu ya haidroliki nayo ikifa, ya mtumba tu ni milioni kumi na kitu, na haisemi inakufa lini.

Sasa nifike kwenye kinachoua wengi, na ambacho hakina stakabadhi yoyote. Ni kusubiri kulipwa. Mwenye nyumba anayechimba shimo la choo analipa jioni, tena wakati mwingine anaongeza ya soda. Kazi kubwa hazipo kwake. Zipo kwa makandarasi, na mkandarasi anakuambia, "Subiri cheti kilipwe." Cheti chake, yaani hati ya kudai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya, kiko kwa mhandisi mshauri, cha mshauri kiko kwa mwenye mradi. Wewe umeshamimina dizeli kwa fedha taslimu, opereta ana watoto shule. Mwaka juzi tulifanya kazi ya kuchimba mitaro kwa mkandarasi mmoja, nisiyemtaja, na fedha zilikuja baada ya miezi mitano, kwa vipande, zimekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio.

Na kuna mtego hapo. Mtambo mmoja, hata ukifanya kazi vizuri, mauzo yake ya mwaka hukaa chini ya milioni 200, ambazo ndizo kizingiti cha kusajiliwa VAT. Wa pili unakuvusha. Ukishavuka, VAT inahesabiwa ukitoa ankara, na ritani, yaani taarifa ya kodi hiyo, inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo nimeshawahi kulipia serikali kodi ya fedha ambazo mimi mwenyewe sijaziona. Mume wangu husema kijiko cha pili ndicho kilichotufundisha kukopa kwa shemeji.

Mwalimu akinipigia tena nitamwambia hivi: kabla ya kuuliza bei ya mtambo, awe na marejesho ya miezi sita benki na fedha za pampu moja pembeni, nje ya bei ya kununulia. Kama kiinua mgongo hakitoshi kwa vyote viwili, akiache kijiko. Anaweza kukodi cha mtu na kusimamia kazi kwa msimu mmoja, aone mita inavyosogea.

Kwako Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, ukurasa wako uwaulize wenye benki kwa nini marejesho yetu hayawezi kufuata msimu. La pili, wakati wa bajeti, waulizwe wanaotoa kazi za umma kama fedha za wakandarasi wadogo zinaweza kulipwa moja kwa moja kutoka kwa mwenye mradi. Na mwandishi wako akitaka kuja kuona, karibu sana, kaunta buku liko wazi. Ila aje Februari, asije Agosti.

Mama Kijiko,
Ipagala, Dodoma