Malalamiko: kabureta mpya ya 34 PICT-3 inavuta hewa kwenye shafti

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) mliyotuuzia ya Volkswagen Beetle, injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, haikubali kusetiwa. Muuzaji wenu alijibu kwamba fundi ndiye hajui. Hilo hatulikubali.

Pointi na taimingi, yaani upande wa cheche za plagi, zilipimwa kwanza, kwa sababu kabureta husingiziwa makosa ya umeme. Injini ikapata moto, choki (kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi) ikafunguka yote. Skrubu ya kipepeo, kibao kinachofunguliwa na akselereta, ilizungushwa mpaka ikagusa kamu yake, ikaongezwa robo mzunguko. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ilifungwa taratibu hadi mwisho, kisha ikafunguliwa mizunguko miwili na nusu. Skrubu kubwa ya hewa ndiyo inayoleta sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga akselereta) kwenye mizunguko 850 kwa dakika. Kuanzia hapo, ukichezesha ile ndogo, mwendo wa injini hupanda mpaka kilele. Unaifunga polepole hadi ushuke kwa 20 au 30, halafu unarudisha 850 kwa ile kubwa.

Kwenye kabureta yenu kilele hakipo. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na hata skrubu ndogo ikifunguliwa mizunguko minne, plagi zote zinatoka nyeupe, dalili ya hewa nyingi na petroli kidogo. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari; kwa hewa nyepesi namna hii, jeti (vitundu vya kupitisha petroli) zilizopangiwa pwani huzidisha petroli. Tulitarajia masizi meusi, si weupe.

Solenoidi, vali ya umeme ya sailensa, inabofya vizuri kwa volti 12. Tulinyunyizia sprei ya kabureta kwenye gasketi ya chini na mipira ya menifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini), kutafuta hewa inapovuja: hakuna kilichobadilika. Tulipofika kwenye shafti ya kipepeo, yaani fimbo inayokizungusha, upande wa waya wa akselereta, injini ikabadili sauti papo hapo. Ishikeni kwa vidole: inacheza juu na chini, ingali mpya! Tundu lake limetobolewa pana kupita kiasi, na hakuna skrubu ya kuziba pengo hilo.

Injini hii haina maji ya kuiokoa. Petroli ikipungua, hedi hupata joto kali na vali za ekzosi huungua. Ndiyo maana hatutamkabidhi mteja gari hili likiwa na kabureta hiyo.

Tunataka nyingine ambayo shafti yake imejaribiwa mbele yetu, au fedha zetu zote. Na zile zilizobaki rafuni, zikaguliwe shafti moja moja kabla hamjamuuzia mtu mwingine.

Wenu,
Mafundi wa gereji, Ndeeba