Kaka, hela ya mashine nimetuma

Göttingen, Ujerumani

Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Mama na watoto nawasalimu wote. Mimi mzima, baridi tu ndiyo haizoeleki.

Ujumbe wako wa mashine ya mtumbwi nimeupata. Nusu nimeituma leo kwa namba ya shemeji, maana yako kila siku haipatikani. Nusu nyingine mwisho wa mwezi. Na usiniulize kwa nini "daktari wa Ulaya" anatuma kwa mafungu. Mshahara wa huku unaliwa na kodi ya nyumba ungali moto.

Sasa lililoniuma. Nimesikia uliyosema pale Mwanga kwenye arusi ya Zuhura: eti mdogo wako kasoma miaka yote hiyo aje kuchungulia ubongo wa panya, na hata dawa ya mseto hawezi kukuandikia. Watu wakacheka. Mama hakucheka, nimeambiwa.

Basi nikueleze, ukawaeleze na wao. Unakumbuka usiku wa giza tulivyokuwa tukihesabu karabai za wavua dagaa kule ziwani? Mitumbwi miwili ikikaribiana tunaona taa moja, tunaanza kubishana. Hadubini ya kawaida ina ugonjwa huohuo. Mwanafizikia Mjerumani, Ernst Abbe, alishalieleza tangu 1873: vitu vikikaribiana chini ya nanomita kama 200 (nanomita milioni moja ndiyo milimita moja), mwanga unavionyesha kitu kimoja. Na mimi shida yangu ni sinapsi, pale seli ya neva inapompa mwenzake ujumbe. Uwazi kati yao ni nanomita 20 hivi. Vifuko vinavyobeba kemikali ya huo ujumbe vina upana wa kama 40. Panga 25,000 kwa mstari ndiyo upate milimita moja. Haya, nani anachungulia panya?

Aliyelipatia dawa ni Stefan Hell, wa hapahapa Göttingen. Leza ya kwanza inawasha rangi kwenye seli. Ya pili, yenye umbo la pete, inazima pembeni pote, kinabaki kinukta katikati. Unakitembeza hicho kinukta mpaka picha ikamilike. Mwaka 2014 alipata Nobel ya Kemia pamoja na Wamarekani wawili. Nami mashine za namna hiyo ndizo ninazoshinda nazo, chumbani gizani, peke yangu.

Mwezi uliopita nilipata picha: protini za upande unaotuma nyekundu, za upande unaopokea kijani, zimeachana kabisa, hakuna ubishi. Profesa ameichapisha kubwa kama mlango, imetundikwa koridoni. Chini kuna jina la Baba, lote, halikufupishwa. Nimepita pale mara nyingi bila shughuli yoyote.

Wenyeji wa huku wengi hawajui kwamba meli yetu Liemba ilitengenezwa kwao, Papenburg, 1913, ikaletwa kwetu vipandevipande. Mimi ndiye mwalimu wao. Nikishawasimulia narudi chumbani, usingizi hauji, nasikia honi ya meli.

La Simbo bado, kaka. Usiuze mchikichi hata mmoja wa Baba kabla sijafika Desemba, na huyo mnunuzi mwambie hivyo. Mtoto wa Mama Asha anasafiri kuja huku mwezi ujao; mpe mawese lita mbili na migebuka wakavu. Dagaa wa safari ile walikuwa na mchanga.

Mdogo wako,
Mwajuma