Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tubadilishieni trei za majiko ya samaki

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa mtendaji wa kata hazijajibiwa, na sasa wanakikundi wenzangu wameugua.

Majiko ya kubanikia sangara tuliyokabidhiwa hapa mwaloni, kwa mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kukopesha vikundi, mlituahidi kwamba yangekuwa na trei za chuma kisichoshika kutu. Zilizokuja ni za waya uliopakwa zinki, ule ule wa mabanda ya kuku. Juma lililopita tulipokoleza kuni kwa mara ya kwanza, mng'ao wa waya ulififia, ukatoka moshi mweupe, na pakabaki unga uliokuwa wa manjano ukiwa wa moto, ukawa mweupe ulipopoa. Usiku huo akina mama waliokuwa wakichochea walishikwa na homa, wakatetemeka na kubanwa vifua. Zahanati ikawapima malaria, haikuonekana, na kesho yake jioni walikuwa wazima. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo, kwani huwapata wanapochomelea mabomba bila kukwangua zinki.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419, na makaa mekundu hupita hapo kwa mbali. Samaki wa kubanika anahitaji kama nyuzijoto 80 tu, lakini trei hizi zimekaa karibu mno na moto; nadhani mzabuni alifupisha majiko ili abane gharama. Hata moto ukiwa mdogo, samaki wetu tunampaka chumvi na ndimu, na ndimu hula zinki ikaingia kwenye chakula.

Kama fedha ya chuma kisichoshika kutu haipo, tuleteeni chuma cheusi kisichopakwa kitu. Kutu yake tutaisugua na kuipaka mafuta, na haimpi mtu homa. Alumini ya vyuma chakavu hatuitaki, maana huyeyushwa na mabaki ya kila aina, na mara nyingine huwa na madini ya risasi ndani yake.

Marejesho tunadaiwa kila mwezi, nasi tunalipa kwa samaki tunaowabanika juu ya vipande vya nondo vya kuazima. Siku ya makabidhiano tuliambiwa, mbele ya kikundi kizima, kwamba kasoro yoyote ingeshughulikiwa ndani ya mwezi. Hatuombi majiko mapya, wala kufutiwa deni. Tubadilishieni trei, Ndugu Mkurugenzi, na kabla mpya hazijafungwa, mtu wenu aje azione zikiwa juu ya moto.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wabanika samaki,
Mwanza