Bushi za nyuma zikazwe gari likiwa limekanyaga chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalofanyika kwa mazoea katika gereji zetu nyingi, ambalo linawagharimu wenye magari ya kifahari ya zamani fedha ambazo hawakustahili kuzitoa.

Mwenye Mercedes-Benz ya aina ya W124, gari lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka 1984 na ambalo bado tunaliona barabarani, hununua bushi za nyuma, yaani mipira ya kwenye maungio ya mikono (vyuma vinavyolishika gurudumu), hulipa ufundi, kisha baada ya miezi michache husikia tena mlio ule ule wa kugonga kila anapovuka tuta. Akirudi gereji huambiwa kwamba bushi alizouziwa ni feki. Bushi feki zipo, wala sibishi. Lakini mimi ni fundi, na nimeshafungua magari yenye bushi halisi ambazo mpira wake ulikuwa umechanika kwa namna ile ile, na chanzo hakikuwa dukani bali katika jinsi zilivyofungwa.

Bushi ya mikono ya nyuma ya gari hili ni mpira ulioshikamanishwa na bomba dogo la chuma lililo katikati yake. Bolti ikishakazwa, bomba hilo haligeuki tena, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota na kujirudi. Kwa hiyo mkao ambao bolti ilikaziwa ndio unaokuwa mkao wa mapumziko wa mpira huo. Fundi anayekaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, anaupa mpira mapumziko mahali ambapo gari halitakaa kamwe likiwa barabarani. Likiteremshwa, mpira husokoteka kama nguo inayokamuliwa na kubaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Tuta la kwanza huukuta umekwisha elemewa.

Katika W124 kosa hili lina uzito zaidi, kwa sababu kila gurudumu la nyuma hushikwa na mikono mitano, mpangilio ambao Mercedes-Benz waliuleta sokoni mwaka 1982 katika modeli ya 190. Mikono hiyo imepangwa ili gurudumu lisipotee uelekeo hata dereva akikanyaga breki katikati ya kona. Bushi zikichoka, gurudumu huanza kujichagulia njia: tairi hulika upande wa ndani, gari hutikisa mkia linapotoka kulipita lori, na dereva anayeshuka Mlima Kitonga hulazimika kuurekebisha usukani kila mara mahali ambapo kuchelewa kidogo tu kunaweza kumtoa barabarani. Hapo hatuzungumzii starehe ya gari la kifahari tena, tunazungumzia uhai wa waliomo.

Utaratibu sahihi hauhitaji mitambo ya gharama. Kabla gari halijainuliwa, fundi apime urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi na auandike. Bushi mpya ziingizwe kwa presi, si kwa kupigwa nyundo. Bolti zote zikazwe kidogo tu, gari literemshwe likanyage kwa uzito wake wote, lisukumwe mbele na nyuma ili likae sawa, ndipo bolti zikazwe kwa nguvu iliyoelekezwa na kiwanda. Gereji nyingi hazina lifti, lakini zina shimo, na kwa kazi hii shimo ni bora, kwa kuwa fundi hufika chini huku gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Asiye na shimo anaweza kuupandisha mkono kwa jeki mpaka ule urefu alioupima urudi. Tahadhari moja nawaomba vijana waishike kwa makini: mkono unaobeba springi usifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, kwa maana springi ikiponyoka inaweza kuua mtu.

Bushi za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, zina taratibu zake, kwa sababu nyingi huzunguka juu ya bomba lake badala ya kujisokota. Lakini kwa zile za mpira, iko desturi nyingine inayoziua mapema, nayo ni kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari baada ya kuosha ili lisipige kelele. Mafuta hayo huvimbisha mpira na kuulegeza, na kelele iliyonyamazishwa leo hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Kazi ikimalizika, gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kupimwa uelekeo wa magurudumu, na nyuma pia ipimwe, kwa kuwa W124 ina bolti ya kurekebishia uelekeo wa magurudumu ya nyuma ambayo wengi hawaigusi kabisa.

Nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA walitilie mkazo suala hili mbele ya wanafunzi wao wakiwa shimoni, si ubaoni peke yake, na wenye gereji wasikubali gari litoke kabla bolti za nyuma hazijakazwa likiwa chini. Mwenye gari naye ana haki ya kuwapo wakati huo na kushuhudia kwa macho yake.

Wako,
Fundi wa magari,
Iringa