Hakuna aliyewaroga mbuzi wenu: barua ya wazi kwa vijana wafugaji wa Chamwino, Kongwa na Mpwapwa

Mbukwenyi, wajukuu zangu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu mlilolitenda mlilitenda hadharani. Vitoto vya mbuzi vilizaliwa na taya fupi la chini, vikashindwa kushika chuchu, vikafa. Mkachangishana, mkaita mganga, naye akamnyooshea kidole bibi mjane mwenye macho mekundu. Macho mekundu, katika nchi hii ya vumbi ambako bibi zetu wamepikia kuni maisha yao yote! Na beberu wenu yuko zizi lile lile mwaka wa nne sasa, anapanda binti zake na wajukuu zake, wala hakuna aliyemtazama.

Sikilizeni. Kila mbuzi hubeba jeni zake, yaani chembe za urithi, mbilimbili: moja ya baba, moja ya mama. Jeni tawala hujionyesha hata ikiwa moja. Jeni fiche hunyamaza mpaka ikutane na mwenzake. Beberu wenu anaweza kuwa na kifua kipana na manyoya yanayong'aa huku amebeba jeni fiche moja ya kilema. Nusu ya binti zake wataipokea, nao wataonekana wazima. Mkimrudisha baba juu ya binti mwenye jeni hiyo, kitoto kimoja kati ya vinne, kwa wastani, kitapata zote mbili. Kwa binti zake wote kwa jumla ni kimoja kati ya vinane. Hesabuni vitoto ishirini na vinne: vitatu vilema. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, aliyaona hayo kwenye njegere na kuyachapisha mwaka 1866. Mimea mirefu ilipochanganywa na mifupi, kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote. Kizazi cha pili kikatoa mirefu 787 na mifupi 277. Ufupi ulikuwa umejificha tu.

Na hicho kilema ni sehemu inayoonekana tu. Baba akipanda binti, robo ya jozi za jeni za kitoto, kwa wastani, huwa nakala mbili za jeni ile ile moja. Akimpanda na mjukuu aliyemzaa kwa binti huyo, inafika asilimia 37.5. Hapo vitoto huzaliwa na uzito mdogo, ukuaji hudorora, mitamba (majike ambao hawajazaa) huchelewa kushika mimba, na homa ndogo inaua. Nanyi mnasema ni ukame. Ukame upo, lakini mbuzi wa jirani wamelishwa kwenye pori hilo hilo.

Muda ni mfupi kuliko mnavyodhani. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na mtamba anaweza kuingia joto akiwa na miezi sita. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja tangu beberu aingie, binti yake wa kwanza anaweza kubeba mimba ya baba yake. Mtengeni mtamba mapema, au beberu aondoke kabla ya mwezi huo. Mkiwa na mazizi manne, yapeni namba: beberu wa zizi la kwanza aende la pili, wa pili la tatu, wa tatu la nne, wa nne aende la kwanza, siku moja, kila baada ya miezi kumi. Asirudi alikotoka. Wala mwanawe asiachwe arithi zizi la baba, kwani atawakuta dada zake.

Hapo ndipo mnapoharibu zaidi. Dume dogo la miezi minne linaweza kutia mimba, nanyi mnaliacha na mama yake mpaka lipate bei. Hasini kwenye miezi mitatu. Kwa koleo la kuhasi, baneni mshipa wa kila pumbu mmoja mmoja, mkiacha ngozi ya katikati bila kubanwa. Mkipitisha mstari mmoja kwenye upana wote wa mfuko, damu haipiti na mfuko unaoza.

Jambo jingine mnalosingizia uchawi ni huntha, mbuzi mwenye viungo vya kike na vya kiume. Mnapenda mbuzi wasio na pembe kwa kuwa hawaumizani, mkawakusanya, beberu na majike. Jeni ya kukosa pembe ni tawala, lakini jike akipata mbili huzaliwa huntha, na hazai kamwe. Wazazi wote wasipokuwa na pembe, tarajieni, kwa wastani, angalau huntha mmoja kati ya vitoto vinane. Mzazi mmoja awe na pembe za kuzaliwa nazo (aliyekatwa pembe anahesabiwa mwenye pembe) na tatizo linakwisha.

Mengine kwa ufupi. Beberu hana maziwa ila hubeba jeni za maziwa, basi ulizeni habari za mama yake. Kuzaa pacha hurithiwa kidogo. Lishe ina nguvu zaidi. Unene wa beberu mnadani Msalato unaweza kuwa mashudu ya alizeti, na mashudu hayarithiwi. Chotara wa kwanza, mtoto wa mbegu mbili tofauti, ana nguvu, lakini chotara kwa chotara hupoteza nusu ya nguvu hiyo. Hereni sikioni na daftari lenye baba, mama na tarehe: bila hivyo haya yote ni maneno.

Nao wanaogawa madume ya mradi wana lao. Wanakabidhi beberu mmoja kwa kijiji, wanapiga picha, wanaondoka, bila kusema atahamia wapi mwakani. Shule zetu nazo hufundisha jeni kwa njegere ambazo mtoto wa Kongwa hajawahi kuzipanda, wakati mbuzi wamefungwa nyuma ya darasa.

Najua mlikopa kwa ajili ya mbuzi hao, wanangu, na uchungu wa kuzika vitoto mlivyovitegemea si mdogo. Beberu auzwe kwa nyama wiki hii. Binti zake wazima msiwachinje. Watafutieni beberu wa mbali asiye na undugu nao. Mama na baba wa kitoto chenye kilema wote wamebeba jeni ile, basi mama huyo naye asizalishwe tena. Kisha nendeni kwa bibi, nyote, mchana, mkamwombe radhi mbele ya majirani wale wale waliosikia akitajwa.

Babu yenu